Motokari za Fahari: Ni Uzuri ao Ni Kiburi?



Karibu na soko la mtaa wetu kuna fundi wa motokari, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye wakubwa kwa wadogo wanamwita Baba Fundi. Katika ukuta wa pahali pake pa kazi, juu ya meza ya funguo na makopo ya mafuta, ametundika picha ya kalenda. Mwaka wa kalenda ile umepita zamani sana. Karatasi za miezi zimekwisha kung'olewa kwa kuwashia moto, imebaki picha peke yake. Ni picha ya Cadillac ya mwaka 1959, nyekundu kama pilipili, isiyo na paa. Nyuma yake yamesimama mapezi mawili marefu kama ya samaki mkubwa, na katika kila pezi zimechomekwa taa mbili zenye umbo la risasi.

Jumapili moja, kisha Misa, vijana wa kuimba walisimama pale kujikinga mvua, na sisi pamoja nao. Wakaanza kubishana. Mmoja alisema kwamba mtu aliyetengeneza kitu kama kile alipewa akili na Mungu mwenyewe. Mwingine alisema hapana, ni majivuno tu, na fedha ya kitu kile ingejenga shule. Halafu wakatugeukia: "Mwalimu, wewe uliyesoma, utukatie maneno haya."

Tulijibu upesi, kama mtu mwenye jibu mfukoni. Tulisema: "Ni kiburi. Kazi ya motokari ni kumfikisha mtu pahali anapokwenda. Yote yanayozidi hapo ni majivuno." Vijana wakanyamaza. Baba Fundi alikuwa akifuta mikono yake kwa kitambaa. Akauliza kwa sauti ya pole: "Mwalimu, kile kiti cha wakubwa wa Waluba kilicho katika kitabu cha shule, kile kinachobebwa na sura ya mwanamke kichwani, mtu anakalia sura ile ao anakalia ubao wa juu?"

Mvua ilikwisha, tukaenda nyumbani bila kumjibu. Tangu siku ile tumetafuta habari za motokari zile na kuziwaza sana, na hapa tunawapa ninyi wasomaji yale tuliyoyaona, hata yale yanayotupinga sisi wenyewe.

Inafaa kwanza tuvijue vitu vyenyewe. Motokari hizi zilitengenezwa Marekani, zaidi katika mji wa Detroit na miji ya jirani, katika miaka iliyofuata vita kuu ya pili. Paa lao lilikuwa la kitambaa kigumu. Mwenyewe akigusa kifungo, mashine ndogo za mafuta zinalikunja na kulilaza nyuma ya viti. Mwaka 1953 kampuni ya General Motors ilitoa tatu za namna hii kwa mara moja: Cadillac Eldorado, Buick Skylark na Oldsmobile Fiesta. Zilitengenezwa chache kwa kusudi. Eldorado za mwaka ule zilikuwa 532 tu, na bei ya moja ilikuwa dola 7,750. Katika mwaka uleule jamaa ya kawaida ya Marekani ilipata kama dola 4,200 kwa mwaka mzima. Baba wa jamaa ile angetumika karibu miaka miwili bila kula, bila kuvaa wala kulipa nyumba, ndipo aweze kuinunua. Januari 20 ya mwaka ule Bwana Eisenhower, siku ya kushika uraisi, alipita njiani katika Eldorado akisimama na kupungia watu mkono.

Kulikuwa na nyingine za mbio zaidi. Chrysler walitoa mwaka 1955 motokari waliyoiita 300, kwa sababu moteri yake ilikuwa na nguvu za farasi 300. Mwaka 1957 nguvu ile ilikwisha kufika 375, na zile zisizo na paa za mwaka ule zilikuwa 484. Chevrolet nao walitoa Corvette mwaka 1953, mia tatu tu, zote nyeupe, zenye viti vyekundu. Ile ilikuwa nzuri kwa macho, lakini mbio yake haikulingana na sura. Mtu aliyehangaika miaka mingi kuipatanisha sura na mbio aliitwa Zora Arkus-Duntov, mwana wa Warusi, aliyezaliwa Brussels mwaka 1909. (Wazee wetu walizoea kuambiwa kwamba kila kitu kilichotoka Brussels kilikuja kuwatawala. Huyu alikwenda pengine.) Neno lake linatupendeza, sababu alikasirika kuona kitu kinaahidi kwa sura jambo ambacho hakiwezi kulifanya. Mkasiriko wa namna ile ni mzuri, ni wa fundi wa kweli.

Basi, turudi kwa kiti cha Waluba. Swali la Baba Fundi lilitushinda kwa sababu ni la haki. Kama kila kinachozidi kazi ya kitu ni kiburi, basi sherti tuchome sura za viti, tufute mistari ya vyungu, tuvue vitenge vyenye maua na kuvaa magunia. Kinu kinatwanga hata bila kuchongwa ukingo. Ngoma inalia hata bila rangi. Lakini mababu zetu hawakufanya hivyo, na hakuna taifa duniani lililofanya hivyo. Mtu anapokwisha kushiba kidogo tu, mkono wake unatafuta kupamba. Tena yule anayechonga vizuri anampa heshima yule atakayekalia, na anaipa mbao heshima vilevile.

Katika masomo ya falsafa tulifundishwa kwamba Aristoteles aliweka kati ya fadhila moja inayohusu matumizi makubwa: ni fadhila ya mtu anayejua kufanya jambo kubwa kwa uzuri unaolistahili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilifuata neno lile. Fadhila ile ina maadui wawili. Mmoja ni bahili, anayeharibu arusi ya mwana wake kwa kuhesabu chumvi. Wa pili ni yule anayemwaga mali pasipo sababu, ili watu washangae tu. Kumbe tofauti yao haiko katika bei peke yake. Iko katika hili: je, matumizi yanakifuata kitu na siku yake, ao yanayafuata macho ya majirani?

Tukipima kwa kipimo hiki, motokari isiyo na paa inatupa taabu kwa pande mbili. Kwa upande mmoja iko furaha isiyo na hila: upepo, anga, harufu ya majani kisha mvua. Wamarekani wa upande wa kaskazini wanafungiwa ndani na baridi miezi mingi, na jua likirudi ni haki yao kulitaka kichwani. (Sisi hapa, saa sita mchana, tungalikuwa wa kwanza kutafuta lile paa.) Kwa upande wa pili, motokari isiyo na paa ni kiti cha kuonekana. Ndiyo maana wakubwa wa dunia walipanda humo siku za sikukuu. Na anayeonekana na wote anafikiwa na wote. Mwezi wa Juni 1960 Mfalme Baudouin alipita Leopoldville katika motokari iliyo wazi, na mtu mmoja wa Congo akamnyang'anya upanga wake mbele ya umati. Raisi Kennedy aliuawa Dallas siku ya Novemba 22, 1963, katika Lincoln iliyoondolewa paa. Lakini haya ni mambo ya wakubwa. Tuje kwetu sisi watu wadogo, maana hapa ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitazamia.

Zamani, huko Marekani, Henry Ford alitengeneza motokari moja tu, ile ya alama T, kutoka 1908 mpaka 1927. Zilizidi milioni 15. Kutoka 1914 mpaka 1925 zilikuwa nyeusi zote. Bei yake ilishuka mpaka chini ya dola 300, na mkulima aliyeinunua hakuambiwa na mtu kwamba mwakani ataona haya kwa ajili yake, kwa sababu ya mwakani ilifanana nayo. Siku moja soko lilijaa. Karibu kila aliyeweza kununua alikuwa amekwisha kununua. Ndipo Alfred Sloan, mkubwa wa General Motors, aliposhika njia nyingine: motokari zibadilike sura mwaka kwa mwaka. Mwaka 1927 alimwita Harley Earl kutoka Los Angeles, mtu aliyejifunza kazi katika karakana ya baba yake, ambapo walitengenezea watu wa sinema motokari za peke yao. Earl akapewa wachoraji na chumba cha kazi. Tangu siku zile sura ya motokari ikawa na mkubwa wake katika kampuni, kama vile moteri ilivyokuwa na wake.

Mwaka 1929 Charles Kettering, mkubwa wa watafiti wa kampuni ileile, aliandika makala ambayo kichwa chake chenyewe kilifundisha kwamba inafaa mnunuzi asiachwe kutosheka. Tulipoisikia habari hii mara ya kwanza tulifurahi kwa ubaya, kama mtu aliyemkamata mwizi na mbuzi mkononi. Lakini haki inatulazimisha kumtetea kidogo. Kettering huyu ndiye aliyetengeneza mashine ya umeme ya kuwashia moteri, iliyotiwa katika Cadillac mwaka 1912. Mbele ya hapo watu walizungusha moteri kwa chuma cha mkono, na chuma kile kiliporudi kwa nguvu kilivunja mikono ya watu. Yeye hakutosheka na jambo lile, na sisi sote tunakula matunda ya kutotosheka kwake. Daktari asiyetosheka na malaria, mama asiyetosheka na maji machafu, hawa si wenye dhambi. Mtu akiwahubiri watulie, ni yeye anayekosa.

Kwa hiyo kutotosheka ni kwa namna mbili, na hili ndilo tulilolikosa pale kwa Baba Fundi. Namna ya kwanza inaangalia kitu na kusema: hapa pana upungufu, tupatengeneze. Namna ya pili haioni upungufu wowote katika kitu. Inamwangalia jirani na kitu chake kipya, kisha inarudi kuangalia kitu chetu, na kitu kile ambacho jana kilikuwa kizuri leo kimekuwa aibu, ijapokuwa hakikuvunjika pahali popote.

Yale mapezi yanatuonyesha namna ya pili kama katika kioo. Yalianza mwaka 1948, madogo, kwa sababu Earl na watu wake walipenda mkia wa ndege ya vita iliyoitwa P-38. Mwaka 1957 Chrysler waliyainua zaidi, na wachoraji wa General Motors walipoziona motokari zile walishtuka, wakatupa michoro waliyokuwa nayo. Mwaka 1959 Cadillac ikayapandisha juu kupita zote. Motokari yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu mita 5 na sentimita 70, na ile isiyo na paa ya Eldorado ilizidi kilo 2,200. Na kisha? Mwaka uliofuata mapezi yakaanza kushuka, tena yakashuka, na mwaka 1965 yalikuwa yamekwisha. Tuulize kama watoto: kama yalikuwa mema, kwa sababu gani yaliondolewa? Kama hayakuwa na faida, kwa sababu gani yalitiwa? Jibu ni kwamba yalitiwa ili ya mwaka jana ionekane imezeeka, na yaliondolewa kwa sababu ileile.

Wakati ule, motokari zile zilizokimbia kwa nguvu za farasi zaidi ya mia tatu zilifungwa breki za namna ya zamani, na mikanda ya kumshika mtu katika kiti haikuwa ya lazima. Mwaka 1965 Ralph Nader aliandika kitabu cha kuwashitaki wenye viwanda juu ya jambo hili, na kati ya mengine alieleza habari za watu waliojeruhiwa na ncha za yale mapezi. Mwaka 1966 serikali ya Marekani ilitoa sheria juu ya usalama wa motokari. Hapa kosa halihitaji falsafa nyingi. Fedha na akili zilizotiwa katika uso wa kitu zilinyimwa mwili wa mtu atakayekipanda.

Inafaa sasa tuseme jambo letu wenyewe, maana kuhukumu Detroit ni rahisi kwa mtu anayetembea kwa miguu. Mwaka uliopita tulikuwa na simu. Iliita, iliitika, ilituma ujumbe, taa yake ilimulika njiani usiku. Tukaenda katika mkutano wa makatekista wa parokia nyingine, na pale mezani simu zote zilikuwa pana, zenye kioo cha kung'aa. Yetu tuliitia mfukoni. Hakuna aliyetucheka. Hakuna aliyeiona, pengine. Lakini kisha juma mbili tulinunua mpya kwa mkopo, na minervali ya mtoto wetu wa pili ikachelewa, na mtoto akarudishwa kutoka shuleni siku mbili. Mama watoto hakusema neno. Alichukua ile simu ya zamani, akaifuta, na mpaka leo ndiyo anayotumia, na inaita. Haikuwa na upungufu wowote. Mtu tusiyemjua, katika nchi tusiyoiona, alikuwa amekwisha kufanya kazi yake ndani ya moyo wetu, kama vile Earl alivyofanya kazi yake ndani ya moyo wa karani wa Chicago.

Hapo tungaliweza kukata hukumu na kumaliza. Lakini kuna sauti mbili ambazo haki inataka zisikilizwe.

Sauti ya kwanza ni ya mtumishi wa kiwanda. Mwaka 1950 chama cha watumishi wa motokari, kilichoongozwa na Walter Reuther, kilifanya mapatano ya miaka mitano na General Motors. Watumishi wakapata mishahara ya kuongezeka, fedha za uzeeni, na msaada wa dawa. Watu waliotoka vijijini bila viatu wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Mkate wao ulitoka wapi? Ulitoka katika yale mapezi, katika kromu, katika ule mshtuko wa kila mwaka. Mwaka 1958 uchumi ulipolegea na watu wakapunguza kununua, ni wao waliokaa nyumbani bila kazi. Kampuni ya Packard, iliyojulikana kwa motokari imara za heshima, ilifunga kazi yake ya Detroit mwaka 1956. Caribbean zake zisizo na paa za mwaka ule wa mwisho zilikuwa 276 tu. Tukisema "watu watosheke," tumewaza ni nani atakayelala njaa siku wakitosheka? Swali hili hatukulipatia jibu zima. Tunaona tu kwamba mkate unaotegemea aibu ya watu unakatika siku aibu ile ikihamia kitu kingine, na mtumishi ndiye anayeanguka wa kwanza. Angalitengeneza breki njema angalikula vilevile. Lakini nani angalizinunua kila mwaka? Hapa tunasimama.

Sauti ya pili ilitugusa zaidi. Katika miaka ile Wamarekani weusi katika majimbo ya kusini walilazimishwa na sheria kukaa nyuma katika basi. Katika hoteli nyingi hawakupokelewa. Tangu 1936, kwa miaka kama thelathini, Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, na jamaa yake baada yake, walitoa kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi ni nyumba gani watapata kulala, na ni wapi watauziwa chakula na esansi bila kutukanwa. Mtu wa namna hii akiwa na motokari yake mwenyewe, hakuna wa kumwambia akae nyuma. Na alipopata fedha, mara nyingi alinunua Cadillac. Watu walimcheka, weupe kwa weusi: ana nyumba ya kupanga na motokari ya mfalme! Mwaka 1949 gazeti la Ebony la Chicago, gazeti la watu weusi, liliandika makala nzima kueleza kwa nini wanazinunua: motokari ile ilikuwa ushuhuda kwamba mweusi naye ni sawa na mtu yeyote. Sugar Ray Robinson, bingwa wa ngumi, alikuwa na Cadillac isiyo na paa yenye rangi ya waridi. Mwaka 1951 alisafiri nayo mpaka Paris, na watu walijaa njiani kuiona.

Je, tumwambie nini Robinson? Kwamba kazi ya motokari ni kumfikisha mtu? Yeye alijua vizuri kuliko sisi. Aliijua njia ambayo miguu haimfikishi mtu, na sheria haimruhusu kupita. Aliyezoea kuangaliwa kama takataka akitaka mara moja kuangaliwa kama mtu, hatuthubutu kuita jambo lile kwa jina lilelile tunalomwitia tajiri anayemshinda tajiri mwenziwe. Hata kwetu, wazee wanakumbuka ni nani alikuwa na ruhusa ya kukaa mbele katika motokari, na ni nani alipanda nyuma pamoja na mizigo.

Lakini tukitetea hivi, tusidanganyane pia. Cadillac haikubadilisha sheria ya basi. Sheria ile ilishindwa Montgomery kwa miguu: kutoka Desemba 1955 watu weusi wa mji ule waliacha mabasi zaidi ya mwaka mmoja, wakatembea, ao wakachukuana katika motokari zao, nzuri na mbaya pamoja, bila kuuliza ina mapezi ao haina. Tunapenda kuwaza kwamba katika msafara ule palikuwapo motokari ya fahari iliyobeba wafua nguo sita wenye miguu iliyochoka. Ingekuwa siku yake njema kuliko zote.

Inabaki habari moja, nayo ni ya uwongo. Kufika miaka ya 1970 motokari zisizo na paa zilikuwa zimepungukiwa na wanunuzi. Njia kubwa mpya zilileta mwendo wa kasi na kelele ya upepo, mashine za ubaridi zilitaka madirisha yafungwe, na wenye viwanda waliogopa sheria mpya juu ya motokari inayopinduka. Mwaka 1976 Cadillac ilitengeneza Eldorado 14,000 zisizo na paa, na zilisifiwa kama za mwisho za Marekani. Mia mbili za mwisho kabisa zilipakwa rangi nyeupe, na mistari ya nyekundu na buluu. Watu walizigombania. Wengine walizifungia ndani bila kuziendesha, wakingoja bei ipande. Kisha, mwaka 1984, Cadillac ikauza tena Eldorado isiyo na paa. Wale waliokuwa na "ya mwisho" walikasirika, na wengine wakaenda kushitaki.

Tuliisimulia habari hii kwa vijana wetu, wakacheka sana. Sisi hatukucheka kwa muda mrefu. Kweli, kampuni iliuza neno "mwisho" pamoja na chuma, na neno lile halikudumu. Pengine mwaka 1976 waliosema hivyo waliamini wanasema kweli. Asiyejua ya kesho si mwongo. Lakini mwangalieni na mnunuzi. Alinunua motokari iliyotengenezwa kwa ajili ya jua na upepo, akaifunika kwa shuka katika giza. Hakuipenda motokari, alipenda kwamba mwenziwe hatapata. Siku mwenziwe alipopata, yake haikupunguka skrubu hata moja, na yeye akajiona ameibiwa. Yule karani wa Chicago mwenye mapezi ya mwaka 1959, aliyekunja paa siku ya Jumapili na kuwapeleka watoto ziwani, alikuwa na akili kumpita huyu. Aliupokea ule uzuri ulivyo, akautumia mpaka ukaisha.

Jumapili iliyofuata tulirudi kwa Baba Fundi, pamoja na vijana walewale. Tulimwambia mbele yao kwamba tulimjibu vibaya: sura ya kiti si kiburi, na rangi nyekundu ya ile Cadillac si dhambi. Tukamweleza pia habari za mapezi kupanda na kushuka, na habari za simu yetu. Kijana yule aliyetaja shule alisema bado anataka shule. Tulimjibu kwamba ana haki, aendelee kuitaka.

Baba Fundi alisikiliza yote akiwa ameinama chini ya taksi ya mtu. Alipotoka tulimwuliza: "Baba, kama wangekupa ile ya picha, ungefanyaje nayo?" Aliikazia macho muda mrefu. Alisema kwamba tumbo lake liko chini mno, katika njia yetu ya soko ingelala matopeni siku ya mvua ya kwanza, na esansi yake ingemaliza nyumba. Breki angezibadilisha. Halafu alichukua kitambaa, akapanda juu ya kopo, akaifuta ile picha vumbi, kuanzia mbele mpaka ncha ya mapezi.